Simu ya shahidi imeshikiliwa kituoni: ni nani mwenye mamlaka ya kuruhusu ifunguliwe?

Kaka wa Katibu (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba maoni ya wenye ujuzi wa sheria na ya yeyote aliyewahi kukutana na jambo la namna hii.

Mdogo wangu ni katibu wa kikundi cha waendesha bodaboda katika mji mmoja wa mikoa ya kati. Fedha za michango zilipotea, mwanachama mmoja akapeleka malalamiko polisi, na mdogo wangu akaitwa kutoa maelezo akiwa shahidi, kwa kuwa ujumbe wa miamala ya kikundi ulikuwa ukiingia kwenye simu yake. Alikwenda kwa hiari yake. Mpelelezi aliitaka simu, kisha akamtaka ataje neno la siri, na alipouliza kama ipo amri ya mahakama akajibiwa kwamba akikataa ataacha kuwa shahidi na kuwa mtuhumiwa wa kuzuia upelelezi. Alilitaja. Hakupewa stakabadhi wala karatasi yoyote, na simu imekaa kituoni wiki kadhaa sasa.

Kinachonisumbua ni vyote vilivyomo ndani ya simu hiyo ambavyo havihusiani na shauri. Kuna mazungumzo yake na mkewe kuhusu matibabu, na kuna kundi la WhatsApp ambamo wanachama wamekuwa wakiwalalamikia viongozi wa kata kwa kuhamishwa kijiwe chao bila kusikilizwa. Tangu habari hizi zienee, wanachama wanajitoa kwenye kundi mmoja mmoja, na aliyepeleka malalamiko ya wizi anasema asingekwenda polisi kama angejua mambo yangefika huku. Je, walichofanya ni halali? Na tufanye nini bila kumponza mdogo wangu?

Wakili wa Kanda ya Ziwa

Pole sana, ndugu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu swali lako linagusa mahali ambapo sheria zetu mbili zinapishana.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi na ya mawasiliano yake ya binafsi, lakini ibara hiyohiyo inaruhusu haki hiyo kuingiliwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Hoja yote, kwa hiyo, iko kwenye utaratibu huo. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mkuu wa kituo anaweza kuidhinisha upekuzi kwa maandishi, lakini sheria inataka hakimu apewe taarifa mapema iwezekanavyo kuhusu idhini hiyo, sababu zake na matokeo ya upekuzi. Sheria hiyo inataka pia kitu kilichochukuliwa kitolewe stakabadhi yenye saini ya mwenye mali, pamoja na za mashahidi wa upekuzi kama walikuwapo. Mdogo wako kunyimwa stakabadhi ni kasoro ya wazi, na ndipo mahali pepesi zaidi pa kuanzia.

Ugumu unaanzia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo kinampa mkuu wa kituo, au ofisa wa ngazi inayolingana naye, uwezo wa kumwamuru mtu yeyote mwenye taarifa zinazohitajika kwenye upelelezi azitoe. Mahakama inatajwa baadaye, pale taarifa zinaposhindikana kupatikana kwa amri ya polisi. Kifungu cha 22 nacho kinamtia hatiani mtu asiyetii amri iliyotolewa chini ya sheria hiyo, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Maana yake ni kwamba ofisi inayotaka kuona taarifa za raia ndiyo inayoamua kama ni halali kuziona, na adhabu inamsubiri anayeomba mtu mwingine aamue.

Hili tumeshaliona likitendeka. Desemba 2016 Maxence Melo, mkurugenzi wa Jamii Media, alikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu kwa mashtaka yaliyotokana na kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wa JamiiForums, jukwaa lake la mtandaoni, walioandika kuhusu tuhuma za ufisadi. Shauri moja aliachiwa huru Juni 2018. Katika jingine alitiwa hatiani Aprili 2020 na kuhukumiwa kulipa shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja. Watu wanazungumza sana kuhusu faini ile. Mimi nimekuwa nikitazama zaidi miaka mitatu na ushei ya kuhudhuria mahakamani, kwa sababu hiyo ndiyo inayomfanya mtu wa kawaida, asiye na wakili wala jina linalojulikana, alitaje neno la siri siku hiyohiyo anayoulizwa.

Kuhusu neno la siri lenyewe, msimamo wangu ni huu. Mtu anayehojiwa na polisi akiwa chini ya ulinzi halazimiki kujibu maswali zaidi ya yale yanayohusu jina na anwani yake. Neno la siri liko kichwani mwa mtu, na kulitaja ni kujibu swali. Ningesimama mbele ya hakimu na hoja hiyo bila kusita. Isitoshe, kumtishia shahidi kwamba atageuzwa mtuhumiwa, pasipo hata amri ya maandishi chini ya kifungu cha 32, ni jambo ambalo sheria hiyo yenyewe, pamoja na upana wake wote, haikuliruhusu.

Mpelelezi Mstaafu

Nimefanya kazi ya upelelezi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na naheshimu maelezo ya wakili, ila naomba upande wa pili nao usikilizwe.

Makosa ya siku hizi yamo ndani ya simu. Mama mjane anapopokea ujumbe wa kumtaka atume fedha kwa namba fulani, akatuma, wale vijana wanazitoa kwa wakala na kuitupa laini kabla mlalamikaji hajafika kituoni. Wilaya nyingi zina mahakimu wachache, na mpelelezi akisubiri Jumatatu ili aandikiwe amri, ushahidi umeshapotea. Waliotunga kifungu cha 32 walikuwa na sababu hiyo mbele yao, nayo ni sababu ya kweli. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao ulifikia ukomo Januari 2020, ulisaidia, lakini matapeli wanasajili laini kwa vitambulisho vya watu wengine, kwa hiyo jina lililoko kwenye usajili mara nyingi ni la mtu asiye na hatia.

Hata hivyo, katika jambo la huyu kijana sioni haraka hiyo ilikuwa wapi. Miamala ya fedha iko kwa kampuni ya simu na haiwezi kufutwa na mwenye simu. Mpelelezi anayejua kazi yake angeandika barua ya kuomba taarifa za miamala ya tarehe zinazohusika, angepiga picha ujumbe uliohitajika mbele ya mwenye simu, na angemrudishia simu yake siku hiyohiyo. Kama ni lazima simu ibaki kama kielelezo, inazimwa, inafungwa kwenye bahasha yenye lakiri, inaandikwa kwenye rejista ya vielelezo, na kila anayeipokea anasaini. Kinyume cha hapo, hata ushahidi wenyewe unadhoofika, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi taarifa za kielektroniki zilivyotunzwa na kama hazikuguswa. Simu iliyolala mezani wiki kadhaa huku neno lake la siri likijulikana na watu wasiotajwa popote, wakili wa utetezi ataichana mahakamani.

Na niseme jambo moja kwa wenzangu walioko kazini. Upelelezi hausimami bila raia anayekuja kusema alichoona. Mlalamikaji wa wizi akishaanza kujuta kuja kituoni, hakuna kifungu cha sheria kitakachomrudisha.

Muuguzi wa Zamu

Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa. Simu ni ya mtu mmoja, lakini siri zilizomo si zake peke yake. Mimi ni muuguzi, na wapo wagonjwa wanaonitumia ujumbe kuuliza kuhusu dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, wengine kwa majina yao kamili. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2008 inanikataza kutoa habari zao kiholela. Askari akiniambia nimfungulie simu kwa sababu ya ugomvi wa vikoba, nitakuwa nimewafungulia na wao, bila wao kujua wala kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, tuliipokea kwa matumaini, lakini inatoa misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, na ni kwenye upelelezi huohuo ndipo wagonjwa wangu wanapohitaji ulinzi.

Wanaosema kwamba asiye na kosa hana cha kuficha wangejiuliza mgonjwa wangu ana kosa gani.

Mkazi wa Mombasa

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya mpaka. Katiba yetu ya 2010 imeeleza jambo hili waziwazi zaidi kuliko yenu. Ibara ya 31 inakataza mtu kupekuliwa yeye, nyumba yake au mali yake, na inakataza mawasiliano yake kuingiliwa. Nalisema hili ili mjue kwamba maandishi mazuri peke yake hayajatutosha.

Mwezi Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi na vifaa vyao vikachukuliwa. Waliachiliwa, lakini simu na kompyuta zilibaki kwa polisi hadi Julai. Mnamo Septemba, watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walieleza kwamba programu ya kijasusi iitwayo FlexiSPY ilikuwa imewekwa kwenye baadhi ya vifaa hivyo katika kipindi ambacho vilikuwa mikononi mwa polisi. Programu hiyo inauzwa hadharani, na ikishaingia inaweza kusikiliza simu, kusoma ujumbe na kufuatilia mahali mtu alipo. Mwezi Juni mwaka huohuo mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa chapisho la mtandaoni lililomhusu ofisa wa juu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha majeraha ya kichwani na dalili za kukabwa shingoni. Baada ya mambo kama hayo, mtu akiambiwa aiache simu yake kituoni hawazii tena kuhusu faragha pekee. Anawaza kuhusu uhai wake.

Kwa hiyo, ndugu mwanzisha mada, simu hiyo ikirudi, mdogo wako asiitumie kwa huduma za fedha wala mazungumzo ya siri kabla haijakaguliwa na fundi mnayemwamini na kufutwa kabisa irudi ilivyotoka kiwandani. Maneno ya siri ya akaunti zake abadilishe leo, kwa kutumia simu nyingine, na kwenye mipangilio ya WhatsApp aviondoe vifaa vyote vilivyounganishwa na akaunti yake.

Kaka wa Katibu (mwanzisha mada)

Nawashukuru nyote. Mpelelezi Mstaafu, maneno yako yamenituliza kidogo, lakini bado nina shaka. Huku kwetu, tangu tuanze kusikia habari za watu kuchukuliwa na "watu wasiojulikana", na hasa baada ya Ali Kibao, kada wa chama cha upinzani cha Chadema, kushushwa kwenye basi Septemba 2024 na kukutwa ameuawa, familia yetu haitaki hata kwenda kuulizia simu. Mama anasema simu itanunuliwa nyingine. Wakili, tukiandika barua, itaandikwaje ili isionekane tunashindana na kituo?

Wakili wa Kanda ya Ziwa

Hofu ya mama naielewa, na sitaibeza. Ndiyo maana nashauri barua, na si kwenda kuuliza kwa mdomo.

Kwanza nimjibu mpelelezi kuhusu haraka, kwa sababu hoja yake ni nzito. Sheria ileile ya 2015 ina utaratibu wa kuamuru taarifa zihifadhiwe zisifutwe kwa muda mfupi, na mahakama inaweza kuuongeza muda huo. Polisi wabaki na uwezo huo wa kuzuia ushahidi usipotee, hata usiku wa manane. Uwezo wa kuusoma ndio uwe wa hakimu. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza mwaka 2023 mageuzi makubwa katika Jeshi la Polisi na katika mfumo mzima wa upelelezi. Kama kuna kifungu kimoja ambacho ningependa kianze kurekebishwa, ni hicho cha 32.

Sasa barua. Iandikwe kwa mkuu wa kituo, nakala kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, kwa lugha ya heshima kabisa. Itaje tarehe simu ilipochukuliwa, aina yake na namba yake ya utambulisho iliyoko kwenye boksi, na cheo cha aliyeipokea. Ieleze kwamba mdogo wako ni shahidi na yuko tayari kuendelea kutoa ushirikiano. Kisha iombe mambo matatu tu: stakabadhi ya kukamata kielelezo, nakala ya amri iliyotumika kuifungua simu, na tarehe ya kurejeshwa. Kumbukumbu za miamala iliyotakiwa ziombeni wenyewe kutoka kampuni ya simu na mziambatishe, ili isiwepo tena sababu ya kuishikilia. Ipelekwe na wakili au mtendaji wa mtaa pamoja na ndugu mmoja, asiende mdogo wako peke yake, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, peleka nakala hiyo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Wana ofisi Dodoma na wanapokea malalamiko bila malipo. Nitumie rasimu kabla hujaipeleka, nitaipitia.