Giants wampa timu kocha wa chuo: Posey kaona mbali au kacheza kamari?

Mfungua Mada
Wadau wa besiboli, habari ndiyo hiyo. Oktoba 22, 2025, San Francisco Giants wamemtangaza Tony Vitello kuwa meneja wao mpya. (Kwa wanaotokea kwenye soka: meneja wa besiboli ndiye kocha mkuu.) Ana miaka 47, anatoka Chuo Kikuu cha Tennessee, na hajawahi kufanya kazi yoyote kwenye besiboli ya kulipwa. Hakucheza, hakufundisha, hata ligi ndogo hajazigusa. Hakuna mwingine aliyewahi kuruka hivyo kutoka chuo hadi kiti cha meneja wa Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (MLB).

Anachukua nafasi ya Bob Melvin, aliyefukuzwa Septemba 29 baada ya msimu wa ushindi 81 na vipigo 81. Aliyemleta ni Buster Posey, rais wa shughuli za besiboli, yule yule mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji na kudaka mitupo) wa mataji ya Giants ya 2010, 2012 na 2014. Mkataba ulioripotiwa ni miaka 3 kwa dola milioni 3.5 kwa mwaka, na chuo kinapewa kama milioni 3 za kuvunja mkataba wake. Tujadili kwa hoja.

Kona ya Tatu
Hii ni sawa na kumchukua kocha wa UMISSETA ukamkabidhi Yanga siku ya kwanza ya msimu. Posey analewa sifa za uchezaji wake.

Takwimu Tupu
Kona ya Tatu, hapana mkuu, mfano wako haufiki. Kanda ya SEC, ligi ya vyuo anakocheza Tennessee, si mashindano ya shule. Vitello amemaliza Tennessee na ushindi 341 dhidi ya vipigo 131. Mwaka 2024 walishinda 60 na kupoteza 13, wakabeba ubingwa wa taifa wa vyuo. Garrett Crochet, Christian Moore na Ben Joyce wamepitia mikononi mwake. Kabla ya hapo, akiwa msaidizi Missouri, alimfundisha Max Scherzer. Kutambua na kukuza vipaji anajua, hilo halina mjadala.

Ila kazi aliyopewa siyo hiyo. Meneja wa Ligi Kuu hasajili na hakuzi kijana kwa miaka 3. Anapokea wachezaji 26 na kupanga nani atumike leo na nani aachwe kwa ajili ya kesho. Tubishane juu ya hapo.

Binti wa Akiba
Takwimu Tupu kagusa penyewe. Kwangu mimi suala zima ni watupaji wa akiba (wanaoingia kumtupia mpigaji mpira baada ya mtupaji wa kuanza kutoka), mengine ni kelele za redio.

Chuoni msimu wa kawaida una mechi 56: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, na moja katikati ya wiki, mara nyingi Jumanne. Mtupaji wa Ijumaa anatupa mara moja kwa wiki, kwa hiyo ukimfikisha mitupo 110 ana siku 6 za kupumzisha mkono. Mtupaji bora wa akiba unamwingiza Ijumaa awamu 2 au 3 (mechi ina awamu 9), Jumapili unamrudisha, na wiki inayofuata mko sawa. Kocha wa chuo anajifunza kuibana kila mechi kama fainali, kwa sababu kwake karibu kila mechi ni fainali.

Ligi Kuu ni mechi 162 ndani ya miezi 6 hivi. Kucheza siku 13 mfululizo ni jambo la kawaida. Kati ya wale 26, watupaji hawazidi 13. Toa watano wa kuanza, unabaki na 8 wa kufunika awamu 3 au 4 kila usiku. Meneja mzuri kila alasiri ana karatasi yenye safu tatu: anayeweza kutupa leo, wa dharura tu, na asiyeguswa hata mechi ikiwaka moto. Aliyetupa siku mbili mfululizo anakwenda safu ya tatu. Aliyetupa mitupo 30 jana, naye vivyo hivyo.

Na kuna mtego ambao haumo kwenye takwimu za magazetini: kupasha moto. Mtupaji akiinuliwa kule nyuma, wanakokaa watupaji wa akiba, akatupa 20 au 25 kwa nguvu, halafu akarudishwa kukaa, mkono wake umefanya kazi. Ukimwinua mara mbili bila kumwingiza, huyo umemtumia hata kama jina lake halionekani popote. Meneja mgeni hukosea hapo hapo. Aprili anashinda mechi nyingi za tofauti ya mkimbio mmoja kwa mikono ile ile miwili, kila mtu anampigia makofi. Agosti kasi imeshuka maili moja au mbili, slaida (mtupo unaopinda) haikati tena, tunaanza kuuliza timu imerogwa na nani.

Kona ya Tatu
Mie nilisema UMISSETA mkacheka. Haya.

Mwana wa Ghuba
Dada Binti, nakuunga mkono, na niongeze kanuni mbili ambazo chuoni hazipo.

Tangu 2020 mtupaji anayeingia Ligi Kuu lazima akabiliane na wapigaji watatu au amalize nusu ya awamu, labda aumie au augue. Ule ujanja wa kumleta mtupaji wa mkono wa kushoto kwa mpigaji mmoja tu, kisha kumtoa, umekufa. Ukimleta, hesabu wapigaji watatu mbele yako na ujue mwenzako ana nani wa mkono wa kulia benchini.

Ya pili ni kupandisha na kushusha. Mtupaji akichoka unaweza kumshusha kwenye timu ya ligi ndogo ya Giants huko Sacramento, kama kilomita 140 tu kutoka San Francisco, ukaleta mkono mpya. Lakini aliyeshushwa anakaa huko siku 15 kabla hajarudi, isipokuwa anaziba pengo la majeruhi. Na mchezaji mmoja hashushwi zaidi ya mara 5 kwa msimu. Ukikosea Jumanne, unalipa hadi wiki mbili zijazo. Chuoni hakuna Sacramento, wachezaji unaoanza nao Februari ndio unaomaliza nao.

Mzee wa Candlestick
Vijana mnazungumza kana kwamba meneja anakaa peke yake na karatasi na penseli. Mambo hayo siku hizi yanaandaliwa na ofisi: mzigo wa kila mkono, nani ampige nani, wapi wasimame walinzi. Meneja analetewa. Anachobaki nacho ni kuwafanya watu 26 watake kucheza Julai wakiwa wamechoka.

Hapo ndipo Giants walipokufa. Katikati ya Juni walikuwa wanagombea uongozi wa kundi na Dodgers, wakamleta Rafael Devers kutoka Boston, kisha wakaporomoka mpaka 81. Melvin si mjinga, amewahi kuwa Meneja wa Mwaka mara tatu. Uzoefu wote ule ulikuwepo benchini na timu ikalala. Stephen Vogt alipewa Cleveland Novemba 2023, mwaka mmoja tu baada ya kustaafu kucheza, na 2024 akashinda mechi 92 na tuzo ya Meneja wa Mwaka.

Takwimu Tupu
Mzee wangu, shikamoo, lakini Vogt alidaka Ligi Kuu miaka 10 kisha akawa kocha wa watupaji wa akiba Seattle. Yaani alikaa kule nyuma anakowazungumzia Binti, akihesabu nani kapashwa moto mara ngapi. Ni mfano unaotubeba sisi.

Mwingine anayetajwa ni Dick Howser. Alifundisha Florida State 1979, na 1980 akawapa Yankees ushindi 103. Kweli. Wanasahau kusema alikuwa amecheza Ligi Kuu miaka 8 na kuwa kocha wa Yankees pale kwenye beisi ya tatu miaka 10. Chuo kilikuwa kituo cha mwaka mmoja.

Wa tatu, Pat Murphy wa Milwaukee. Huyu alikuwa kocha wa chuo hasa, Notre Dame kisha Arizona State. Alipotoka huko akaingia Padres, akaongoza timu za ligi ndogo, 2015 akashika Padres kwa muda akapoteza zaidi ya alivyoshinda, halafu miaka 8 akawa msaidizi wa Craig Counsell. Meneja kamili amekuwa 2024, na Brewers wamekuwa moto. Kati ya chuo na kiti hicho kuna miaka zaidi ya 10. Vitello karuka moja kwa moja.

Mzee wa Candlestick
Marahaba. Hesabu zako sawa. Lakini mtu wa kwanza wa jambo lolote hana mfano wa nyuma yake.

Barakoa
Mnaacha nafasi ambayo Posey anaijua kuliko wote: udakaji. Chuoni kocha anaita mitupo mwenyewe kutoka benchini. Kanuni zinaruhusu kifaa cha kutuma ishara upande mmoja, na mdakaji kazi yake ni kusoma na kutekeleza. Ligi Kuu kile kifaa cha ishara kiko kwa mdakaji na mtupaji, benchi halikigusi. Giants wana Patrick Bailey, Glovu ya Dhahabu 2024, mmoja wa wadakaji bora katika kuiba maamuzi ya pembeni, yaani kudaka mtupo wa ukingoni mwamuzi auhesabu kuwa mzuri. Vitello akijaribu kumwendesha kama kijana wa mwaka wa pili, atampoteza, na akimpoteza Bailey amempoteza pia Logan Webb, mtupaji wa kuanza aliyetupa awamu 207 msimu wa 2025.

Saa nayo. Mtupaji ana sekunde 15 beisi zikiwa tupu, 18 zikiwa na mtu. Kwenda kuzungumza na mtupaji kilimani ni mara 4 tu kwa mechi. Huwezi kutembea pale kila unapoona wasiwasi.

Mwana wa Ghuba
Na waamuzi je? Aprili 2022 Vitello alimgonga mwamuzi kwa kifua, akafungiwa mechi 4. Chuoni mashabiki walimpenda zaidi kwa hilo.

Mwaka 2026 Ligi Kuu inaleta rufaa za mashine kwa mitupo, yaani mashine inahakiki uamuzi wa mwamuzi kuhusu mtupo. Kila timu ina rufaa 2, ukishinda inabaki yako. Lakini anayekata rufaa ni mpigaji, mtupaji au mdakaji peke yao, kwa kugusa kofia hapo hapo, bila msaada wa benchi. Meneja hana ruhusa hata ya kukohoa. Kwa mtu mwenye damu ya moto nadhani ni dawa nzuri: ataambiwa ukweli na mashine, akae.

Kona ya Tatu
Hata kifua cha kugonga mashine hakipo 😂

Binti wa Akiba
Turudi kwenye mikono. Tatizo la Vitello litakuwa kubwa zaidi kwa sababu ghala ni tupu. Julai Posey aliuza: Camilo Doval kaenda Yankees, Tyler Rogers kaenda Mets. Randy Rodríguez, aliyeachiwa kufunga mechi, kafanyiwa upasuaji wa kiwiko, 2026 msimhesabu. Kwenye biashara ya Rogers walirudi Drew Gilbert na Blade Tidwell, wote wawili walichezea Tennessee chini ya Vitello. Nawatakia heri, lakini vyumba vya kubadilishia nguo vina masikio. Siku Gilbert atakapowekwa mbele ya mkongwe, hata kama anastahili, watu watasema mtoto wa nyumbani.

Mzee wa Candlestick
Hilo la mwisho nakubali, na ni zito kuliko watupaji. Chuoni kocha ni mfalme: yeye ndiye aliyemwita kijana, yeye anampa nafasi, asiyemtii anahama. Willy Adames ana mkataba wa dola milioni 182, Matt Chapman milioni 151, Devers milioni 313.5. Hawa hawahami na hawatishiki. Ndiyo maana nasema Posey asimwache peke yake. Msaidizi wake wa kwanza awe mtu aliyewahi kuwa meneja wa Ligi Kuu, si rafiki kutoka Tennessee. Kocha wa watupaji awe na mamlaka ya kusema “huyu leo hapana” na meneja asibishe. Na Bruce Bochy, meneja wa Giants wa mataji yale matatu, kamalizana na Texas mwezi huu huu. Ana miaka 70, sawa, lakini simu si anapokea?

Takwimu Tupu
Kwa masharti hayo nasogea hatua moja, Mzee. Benchi likiwa la Tennessee mtupu, narudi nilipokuwa.

Barakoa
Kuna mtu kauliza pembeni kama Melvin alifukuzwa kihalali. Julai 1 walimwongezea msimu wa 2026, Septemba 29 wakamtoa. Ndani ya miezi 3. Vitello aisome hiyo tarehe vizuri kabla ya kununua nyumba.

Mfungua Mada
Mada inabaki wazi. Machi 25, 2026, Yankees wanakuja San Francisco kufungua msimu. Pendekezo la Binti nimelipenda: tuanze kuandika hapa kila usiku nani kapashwa moto, mara ngapi, na kama aliingia. Nani ana muda wa kukesha mechi za pwani ya Magharibi? Kwa saa za Afrika Mashariki zinaanza alfajiri.

Kona ya Tatu
Niwekeni mimi. Siku ya kwanza akimwinua mtu mara mbili bila kumwingiza, naandika kwa herufi kubwa.