Mnunuzi wa nyumba ya kwanza atozwe asilimia 4 kwa nini?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila jazba. Hapa Kenya ukinunua nyumba au ploti mjini, kabla jina lako halijaingia kwenye hatimiliki unalipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani yake. Nje ya mji ni asilimia 2. Wapo wanaosema ni haki: aliyepata mamilioni ya kununua nyumba hashindwi kuichangia serikali. Mimi nakataa, hasa kwa anayenunua nyumba yake ya kwanza ya kuishi.

Binamu yangu na mkewe walinunua nyumba ndogo Syokimau kwa milioni 4.5, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa benki. Wakapiga hesabu ya ushuru, 180,000, wakaziweka kando. Mthamini wa serikali akaja, akasema nyumba ni ya milioni 5.2. Thamani yake ikizidi bei ya mkataba, ushuru hufuata ya kwake. Ukapanda hadi 208,000, na zote zinatakiwa kwa mkupuo. Bado wakili, bado gari la kuhamia. Ikabidi wakakope kwenye chama chao cha akiba.

Serikali inajua mzigo huu ni mzito. Mwaka 2018 ilimsamehe ushuru huo anayenunua nyumba ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Sawa kabisa. Lakini jirani yake mwenye kipato kilekile, aliyenunua kwa mtu binafsi, amekosa nini? Naye, kama ameajiriwa, anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kugharamia nyumba hizohizo.

Msiniambie muuzaji naye ana kodi yake ya kulipa. Tangu Januari 2023 kodi ya faida anayotozwa ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15, na wengi huipakia kwenye bei.

Kinachoniuma zaidi ni wanaonunua wakaishia njiani. Mtu anamaliza kulipa, anapewa mkataba na hati yenye jina la mwenyewe wa zamani, anasema ushuru nitalipa mambo yakikaa sawa. Miaka inapita, muuzaji anafariki. Watoto wanafungua mirathi, na ploti ya baba inaorodheshwa humo. Mnunuzi, ambaye ameshajenga na anaishi hapo, anaanza kupanda ngazi za mahakama.

Pendekezo langu: nyumba ya kwanza isamehewe popote iliponunuliwa, hadi kiwango fulani cha bei, na juu ya hapo asilimia ipande kadiri thamani inavyopanda. Leo flati ya Syokimau na jumba la milioni 200 Muthaiga vinatozwa asilimia ileile. Mkisema watu watadanganya kuwa ni nyumba ya kwanza, kila mnunuzi ana PIN ya KRA, yaani namba yake ya mlipakodi, akaguliwe kwa hiyo. Anayepinga anieleze: mapato yatakayopungua ni makubwa kuliko hasara ya hati zinazobaki kwa majina ya marehemu?