Tunapimaje mchango wa jiko letu kwa mazingira?

Fundi wa Kariobangi (swali)

Hamjambo nyote. Karakana yetu hapa Kariobangi, Nairobi, hutengeneza majiko ya makaa yenye udongo ndani, na taasisi moja ya mikopo imetutaka tueleze kwa takwimu jinsi biashara na bidhaa zetu zinavyochangia uendelevu. Tulicho nacho ni daftari la mauzo na cheti cha maabara kinachoonyesha kwamba, katika kuchemsha maji, jiko letu hula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Je, inatosha kuzidisha idadi ya majiko tuliyouza kwa akiba iliyoandikwa kwenye cheti? Ningependa kupeleka hesabu ambayo anayeyaelewa mambo haya hataikataa.

Mpimaji wa nishati

Fundi, haitoshi. Cheti hicho kinaeleza jinsi jiko linavyofanya kazi mikononi mwa mtaalamu, kwa makaa makavu na sufuria moja ya maji, ilhali anayelinunua Huruma au Mathare huenda akachemsha chai kwa meko ya gesi, akabandika githeri kwenye jiko lako, na wageni wakija akawasha pia jiko la zamani ambalo hakulitupa. Akiba ya kweli ni tofauti kati ya makaa yote ambayo nyumba hiyo ingetumia bila jiko lako na yale inayotumia sasa, majiko yote yakihesabiwa pamoja.

Ndiyo maana hufanywa jaribio la jikoni. Makaa yaliyomo nyumbani hupimwa kwa mizani, mwenye nyumba hupika kama kawaida yake, kisha kesho yake saa ileile yaliyobaki hupimwa tena, na hivyo kwa siku kadhaa mfululizo, huku ikiandikwa idadi ya waliokula. Nasisitiza mizani, kwa kuwa makaa yetu huuzwa kwa mkebe au debe, na mkebe wa makaa ya mti mgumu haulingani kwa uzito na mkebe wa vipande vyepesi. Makaa yaliyonyeshewa nayo huidanganya hata mizani yenyewe, kwa hiyo yaanikwe kwanza.

Jambo la pili ni kuni zilizozaa makaa hayo. Tanuru la udongo la kienyeji huweza kutumia kati ya kilo 5 na 10 za kuni kutoa kilo 1 ya makaa, kwa hiyo kila kilo inayookolewa jikoni ina uzito mkubwa huko shambani. Hata hivyo, miti inayochipua tena baada ya kukatwa haiwezi kuhesabiwa kuwa imeokolewa, na hapo ndipo wengi hutia chumvi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha mwaka 2024 uchunguzi wa miradi ya majiko inayouza krediti za kaboni, yaani hati za gesi joto zinazodaiwa kupunguzwa, wakakadiria kuwa miradi hiyo ilipewa krediti takriban mara 9 ya ilizostahili, kwa sababu ya makosa haya haya ya matumizi na ya kuni.

Mhasibu, Upper Hill

Naomba kuongeza upande wa biashara yenyewe, maana swali lina mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Kanuni za GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi joto (gesi zinazoongeza joto duniani), hugawa gesi joto za kampuni katika makundi matatu: zinazotoka kwenye mafuta au kuni mnazochoma wenyewe, kama vile katika tanuru la kuchomea udongo, zinazotokana na umeme mnaonunua, na zile za mnyororo mzima wa thamani, kuanzia bati mnalonunua hadi makaa anayochoma mteja. Kaboni dioksaidi itokayo kwenye kuni na makaa huandikwa kando, lakini methani, gesi joto nyingine itokayo humo, huingia moja kwa moja katika makundi hayo. Matokeo yake ni kwamba mkiuza majiko mengi zaidi, kundi la tatu hupanda, hata kama kila jiko linaokoa makaa. Msijaribu kulifuta ongezeko hilo kwa kutoa akiba ya wateja: akiba huripotiwa peke yake, pamoja na maelezo ya hali mliyoilinganisha nayo.

Maswali ya namna hii yataongezeka. Viwango vya IFRS S1 na S2, vya kimataifa vya kuripoti uendelevu na tabianchi, vilitolewa Juni 2023, navyo huzitaka kampuni zinazovifuata zitazame pia mnyororo wao wa thamani, na mkopaji wa benki yumo humo.

Muuza majiko, Gikomba

Haya yote ni sahihi, ila karakana ndogo itatoa wapi fedha za kuwalipa wapimaji? Tukidaiwa vipimo vya kampuni kubwa, watakaopata mikopo ni wale wenye washauri, si wenye majiko mazuri.

Mpimaji wa nishati

Hoja yako ni ya haki. Nyumba chache zilizochaguliwa kwa kura kutoka daftari la mauzo zinafaa kuliko nyumba nyingi za marafiki, mradi idadi yake itajwe waziwazi. Rudini pia kwa walionunua mwaka juzi, kwani udongo ukishapasuka, akiba nayo hukoma, na jiko hilo halipaswi kubaki kwenye hesabu.

Fundi wa Kariobangi

Nimewaelewa, na nawashukuru. Daftari letu lina namba za simu za wanunuzi, basi tutapiga kura humo. Cheti cha maabara tutakiambatanisha kama kilivyo, bila kukizidisha kwa chochote.