Tupeane uzoefu: Ulizipataje nyimbo za dansi enzi za RTD?

Kandambili (mleta mada)
Wakongwe, uzi huu ni wenu. Kijana wa leo ukimwambia kuna nyimbo zilitamba nchi nzima bila kuonekana dukani, anadhani unampiga fiksi. Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD (jina hilo lilikuja 1965, ila matangazo yenyewe yalianza 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam) ndiyo iliyokuwa studio, ndiyo iliyokuwa duka. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, na si kila bendi ilifika huko. Bendi ilipeleka mashairi yakakaguliwe, yakipita inaitwa studio za RTD pale Barabara ya Pugu, inapiga na kuimba vyote kwa mkupuo mmoja. Mkanda unabaki maktaba ya redio. Wewe msikilizaji unabaki na masikio yako.

Nyumbani redio yetu haikuwa na kaseti. Kaka aliazima kinasa sauti, akakibandika mbele ya spika, na sote tukapigwa marufuku kukohoa. Wimbo wa bendi ya Mlimani Park ulitoka safi, ila ukifika kwenye chemko, pale mdundo unapochangamka, jogoo anawika mara mbili. Nilikuja kuusikia bila jogoo nikiwa mtu mzima, nikaona umepungua kitu.

Mama Wawili
Umenikumbusha mbali! Sisi adui yetu alikuwa mtangazaji. Umebana kitufe, gitaa linaanza, naye anaingia kutaja majina ya wanaosalimiana. Mjomba alikuwa bingwa wa kadi za salamu. Akitajwa, redio inapandishwa sauti hadi majirani wajue.

Bwana Betri
Kuanika betri juani. Zikigoma, unang'ata. Sina zaidi.

Mpiga Rhythm
Niliwahi kupigia bendi ndogo ambayo hamuijui, nikarekodi pale. Wengi wanalaumu sauti za RTD kuwa kavu. Jamani, mlitaka nini? Hakuna cha kuingiza sauti leo na gitaa kesho. Tarumbeta likikosa noti dakika ya tano, mnaanza upya, na mwimbaji koo limeshachoka. Ndiyo maana bendi zilikwenda pale zikiwa zimeuiva wimbo ukumbini wiki nyingi. Ule ukavu mimi naupenda, unasikia watu wanapiga.

Kilichotuumiza ni mashairi. Mstari mmoja tu ukitiliwa shaka, wimbo unarudi. Mwanamuziki Remmy Ongala mwenyewe na jina lake lote, "Mambo kwa Soksi" yake iliyohimiza kondomu haikupewa nafasi redioni. Ukumbini ndiko ulikotamba.

Mtoto wa Moro
Kwetu Morogoro, Januari 1979 redio ilipotangaza kwamba mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari Mombasa, mama aliacha kupeta mchele, akakaa tu na ungo mapajani. Hakuwahi kumwona jukwaani hata siku moja. Alimjua kwa redio.

Damu ya Msondo
Mleta mada kaanza na Sikinde (Mlimani Park hao), namsamehe. Ila tukumbushane: waimbaji Muhiddin Maalim na Hassani Bitchuka walitoka bendi ya JUWATA, ndiyo Msondo yetu, 1978 wakaenda kuanzisha mambo Mlimani Park. Kijijini hakuna aliyetuambia. Tulisikia tu sauti zile zile zimehamia bendi nyingine, ubishi ukawaka kijiweni hadi wiki ya pili.

Kandambili
Damu ya Msondo, ubishi huo ufungulie uzi wake 😂

Mama Wawili
Halafu redio binafsi zikaja miaka ya 90, vijana wakahamia huko, dansi likasukumiwa kwenye kipindi cha zilipendwa. Nyimbo zilizotoka juzi tu, nazo zikaitwa zilipendwa! Mimi hilo liliniudhi kuliko mtangazaji.

Mpiga Rhythm
Wenye kanda za nyumbani, msizicheze hovyo. Kama mkanda una ukungu mweupe, usiutie kwenye mashine, utachafua hedi (kile kichwa kinachosoma mkanda) na kuambukiza kanda nyingine. Mpelekee fundi kwanza. Wimbo wa bendi yetu sina nakala. Huenda mmoja wenu aliurekodi siku ulipopigwa redioni.