Naombeni ushauri: uzamili wa ustawi wa jamii nikiwa kazini

Habari zenu wakuu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja mkoani, mwaka wa 6 sasa. Kazi yangu kubwa ni mashauri ya watoto: matunzo, ukatili, na kuandaa ripoti za uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Kuna mashauri yananilaza macho. Mtoto wa miaka 9 amekaa mbele yako hasemi neno, na wewe mbinu zimekuishia. Ndiyo sababu nataka kusoma zaidi, cheo baadaye.

Nimebaki na njia mbili: niombe ruhusa niende Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, au nisome Chuo Kikuu Huria huku nikiendelea na kazi. Nina watoto wawili na ada nalipa mwenyewe.

Mliopita huko, mafunzo kwa vitendo mliyafanyaje mkiwa kazini? Msimamizi wa tasnifu anapatikana kweli ukiwa mbali? Na je, naweza kuandikia tasnifu mashauri ninayoyashughulikia bila kuvunja siri za watoto hawa? Hili la mwisho linanisumbua kuliko ada.