UZI: Kanipokonya maiki, katuwekea Discharge, bendi ya panki ya Waingereza, kwa simu mbele za watu!!

Mpigangoma_Tudor

Sijalala. Saa tisa usiku hii, viganja vinaniwaka kwa malengelenge, na kila nikifumba macho naiona ile simu. Simu yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui, imelazwa juu ya maiki yetu. MAIKI YETU. Tuliyoikodi kwa pesa zetu.

Jina silitaji. Mnamjua. Ni yule wa jaketi la jinzi lenye viraka mpaka kwapani, analolivaa hata Februari, mwezi ambao Mombasa hii lami yenyewe inatafuta kivuli. Yule ukimwambia umependa albamu fulani anakuuliza ni ile ya chapa ya kwanza au umesikiliza ya kurudiwa. Huyo huyo.

Sasa sikizeni. Jumamosi, Ganjoni, ukumbi ule wa juu ya gereji. Miezi minne tumefanya mazoezi katika chumba cha Tudor, magodoro tumeyabandika ukutani, na bado jirani anatugongea dari kwa mchi. Siku hiyo ndiyo mara ya mwanzo kuupiga wimbo wetu "Mtungi" mbele za watu. Dakika moja na nusu tu. Nimeupiga kama ninayelipa deni. Tumemaliza, tuazi bado linalia, watu washanyanyua mikono wapige makofi, na hapo ndipo alipopanda. Hakuomba. Kaing'oa maiki puani mwa mwimbaji wetu, kasema "Subirini kidogo," kachomoa simu, kaifuta kwenye suruali maana kidole kilikuwa na ukwaju wa viazi karai, kabonyeza.

Likaja tangazo la sabuni.

Wallahi. Watu thelathini na kitu tumesimama kimya tunasikiliza sabuni inavyoondoa madoa. Hakuna aliyemshusha! Na mimi nimekaa nyuma ya ngoma, vijiti mkononi, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa kwa kujikojolea. Sabuni ikaisha, ndiyo ikaingia Discharge ya mwaka 1982, du-ta dudu-ta, na yeye kidole juu: "Haya. Sasa msikieni mwenyewe."

Msikieni mwenyewe! Kana kwamba mimi nimekamatwa na kuku kwapani, na mwenye kuku ndiye huyo kaletwa!

Na watu wakacheka. Binamu yangu niliyemlipia kiingilio kacheka mpaka kashika ukuta.

Ati nimeiba mdundo. Mdundo wenyewe unaitwa D-biti, na hiyo D ni ya Discharge, dunia nzima yajua, hakuna aliyeficha! Waswidi wameupiga miaka arobaini. Wajapani, Disclose, mpaka jina wameanza na "Dis". Je, kuna mtu aliyewapandia jukwaani na sabuni? Mimi wa Tudor ndiye mwizi?

Sabuni, jamani. Kanisimamisha nisikilize sabuni.

Nataka mtu mmoja tu anieleze kwa nini hamkumshusha.

Kelele_Likoni

Nilikuwepo. Nilicheka. Pole dada, lakini wakati wa ile sabuni nilikaa chini kabisa, miguu ilikataa.

BesiNzito

Huyo bwana mimi kanikuta foleni ya feri, kaniambia rifu yangu, ule mpigo wa besi unaojirudia, ni ya Cro-Mags, bendi ya New York, ya 1986. Nikamwambia sijawahi kuwasikia. Akasema, "Basi umeiba bila hata adabu ya kujua uliyemwibia." Feri ikaja, ikaondoka, ikaja nyingine, bado ananihubiria. Nimefika kazini saa nne.

FundiSpika

Kusahihisha kidogo. Maiki HAMKUKODI. Kukodi ni mtu analipa. Nimepewa nusu na ahadi. Na imerudi na ukwaju ndani ya wavu, imekauka, siku nzima nautoa kwa sindano. Nani ananilipa hiyo kazi?

Mpigangoma_Tudor

Fundi, ukwaju ni wake! Mdai yeye! Unaona sasa? Kanichafulia wimbo, kanichafulia na maiki, na deni linarudi kwangu.

Mkwaruzo88

Tuseme haki. Pale katikati mnaponyamaza nyote halafu mnaingia kwa pamoja, dada, pale ni Discharge kabisa. Hata mimi nilitambua kabla hajapanda. Lakini Discharge nao, vijana wa Stoke-on-Trent, wamewasikiliza Motörhead, bendi ya roki ya Uingereza kabla yao, mpaka basi. Na mwaka 1998 Metallica, wale wa metali wa Marekani, walirekodi nyimbo mbili za Discharge katika albamu moja, wakaandika jina la wenyewe, mambo yakaisha. Nanyi mngesema tu mwanzoni kwamba mnawapenda Discharge, asingekuwa na la kupandia.

Mpigangoma_Tudor

Kwa hiyo kabla ya kila wimbo nisimame nisome ukoo? Fulani bin fulani bin Motörhead? Nina dakika moja na nusu, kaka!

BintiBombolulu

Nyote mmeusahau mgongo wake. Kiraka kikubwa kuliko vyote kwenye lile jaketi, cha manjano, radi inapiga kuba la bunge la Marekani, ni cha nani? Bad Brains. Vijana weusi wa Washington, walianza na jazi wakijiita Mind Power. Jina la Bad Brains wamelichukua kwenye wimbo wa Ramones, bendi ya panki ya New York. Rege wamechukua kwa Marley na wenzake wakaichomeka katikati ya kasi ile. Wakaja kina Minor Threat, watoto wa mji uleule, wakawatazama na wao wakaenda kuanzisha yao. Beastie Boys kabla ya rapu walikuwa bendi ya hadikoo, hii panki ya kasi, na hizo herufi B na B hazikuanguka kutoka mbinguni. Sasa bwana anabeba mgongoni jina la kuazima halafu anakuja kumkagua mpigangoma wa Tudor!

Na akiimba yeye, mmewahi kumsikia? Lafudhi ya New York. Kazaliwa Majengo.

Kelele_Likoni

Majengo!! Hahahaha dada umemmaliza.

MzeeWaBaraza

Wanangu, mimi huu muziki wenu siufahamu, humu naingia kuwaangalia vijana wangu wanasema nini nikisubiri alfajiri. Lakini huyo kijana kwao napajua. Harusi ya babake nilikuwepo, na nyimbo zilizolia usiku kucha ni za Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu. Bhalo alizitwaa nyimbo za filamu za Kihindi akazivisha Kiswahili, na Mombasa hii wanawake kwa wanaume walitoa leso kufuta machozi. Hakuna hata mmoja aliyepanda na gramafoni kumwekea Muhindi. Ingekuwa siku zile angeshushwa kwa bakora.

Ndimu_na_Chumvi

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hiyo ndiyo sababu mimi nilibaki na Zein l'Abdin. Mzaliwa wa Lamu, udi wa nyuzi kifuani, mashairi ya pwani hii hii. Hakuhitaji filamu ya mtu.

MzeeWaBaraza

Marahaba mwanangu. Na huo udi uliota Lamu? Ulishuka kwenye jahazi kutoka Uarabuni kama tende.

BesiNzito

Mzee usimguse Zein tafadhali.

Ndimu_na_Chumvi

Mzee, udi ni chombo, wimbo ni wimbo. Kuchukua sufuria ya jirani si sawa na kuchukua pilau lake. Nyanyangu alikuwa akisikia Bhalo anasema "huu niliutazama sinema", na anautaja na jina la filamu.

MzeeWaBaraza

Na alilia au hakulia?

Ndimu_na_Chumvi

Alilia.

MzeeWaBaraza

Haya.

Mpigangoma_Tudor

Mzee ahsante sana, Mungu akuweke. Lakini jamani tusiende mbali, tulikuwa kwenye simu. Simu juu ya maiki. Wimbo hata haujatulia angani.

Kamaa_wa_Umoja

Niaje wasee wa Coasti. Huku Nairobi hatupotezi muda na vita vya 1982. Bendi yetu ya Duma walikuja wawili tu, gita, mashine na mayowe, albamu yao ya 2020 ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na hakuna mtu duniani alisema inafanana na ya nani. Tafuteni sauti yenu.

Kelele_Likoni

Nilikuwa najiuliza Nairobi watachelewa wapi.

BesiNzito

Mnapata kumbi, mnapata waandishi, mnapata wazungu wenye kamera. Sisi tunapiga juu ya gereji, stima ikikatika tunangoja na tochi za simu. Mara ya mwisho mlitualika huko, nauli tukajilipia, tukapewa dakika kumi saa nane usiku, ukumbi umebaki mfagiaji.

Kamaa_wa_Umoja

Hiyo haikuwa sisi, hiyo ilikuwa wale wengine.

BesiNzito

Huwa ni wale wengine kila siku.

Mkwaruzo88

Duma nawaheshimu, lakini na wao walipitia bendi za metali kwanza. Hakuna aliyezaliwa anapiga kelele ile.

FundiSpika

Kwa kuwa tunadaiana: yupo mtu humu ana ampu yangu ya besi tangu Ramadhani. Anajijua. Ilikuwa ya siku mbili.

BesiNzito

Fundi nitakuletea Jumatatu.

FundiSpika

Jumatatu ya mwaka gani, wa Kiislamu au wa Kizungu?

Kelele_Likoni

Dada mwenye uzi, samahani, wimbo wenyewe unasema nini? Mimi mbele pale nilisikia "TUNGI! TUNGI! TUNGI!" halafu mwimbaji wenu kaanguka.

Mpigangoma_Tudor

Hakuanguka, alipiga magoti.

Unahusu maji. Mfereji wetu ulikauka siku kumi na moja mfululizo. Mtungi wa lita ishirini ulikuwa shilingi 20, wenye mikokoteni wakaupandisha mpaka 50. Tunakaa ghorofa ya nne. Mamangu ana goti bovu, akipanda anaweka mtungi kila ngazi ya tano, unasikia plastiki inagonga saruji, kimya, inagonga, kimya. Nikiwa kitandani namsikia kabla sijashuka kumpokea. Ule mnyamazo wa katikati ya wimbo, anaosema Mkwaruzo kwamba ni wa Discharge, ni hapo mama anapotua mtungi apumue. Nimeuhesabu kwake. Mapigo manne, halafu tunaingia.

Ndiyo akaja na simu.

BintiBombolulu

Wee.

Mkwaruzo88

Hilo sikulijua. Nisamehe dada, na mama mpe pole.

Kelele_Likoni

Shilingi 50 mnalia? Likoni juzi 60, na mtungi haujai, anaukatia hapa shingoni.

Ndimu_na_Chumvi

Sisi tuna kisima, lakini maji ya chumvi. Nguo nyeupe sina tena, zote zimekuwa rangi ya meno. Ukipika chai ni kama unakunywa bahari pale Mama Ngina ufukweni.

MzeeWaBaraza

Maji yanatoka chemchemi za Mzima, Tsavo huko, zaidi ya kilomita 200 kwa bomba lililolazwa kabla ya Uhuru. Bomba ni lile lile. Watu ndio wameongezeka, na kila mwenye msumeno njiani kalitoboa.

BesiNzito

Na bili inakuja kila mwezi! Bili ya hewa! Mita inazunguka kwa upepo, mimi nimeiona kwa macho yangu, mfereji unapuliza na mita inahesabu.

BintiBombolulu

Nilikwenda kulalamika, wakanipa fomu. Nikajaza fomu, wakasema nilete nakala. Nikaleta nakala, anayepokea katoka kwenda kula. Saa nne asubuhi, kula gani hiyo?

FundiSpika

Bombolulu nani ana mkokoteni sasa hivi? Wa kwangu hashiki simu.

BintiBombolulu

Jaribu yule wa karibu na msikiti, huwa anaanza baada ya alfajiri. Mwambie asikuchanganyie na ya chumvi, onja kwanza.

Kelele_Likoni

Onja mtungi wa chini. Wa juu huwa mtamu kwa makusudi.

Mpigangoma_Tudor

Ngojeni. Mfereji wa jikoni unakohoa.

Kelele_Likoni

Usiuguse, usimtishe.

Mpigangoma_Tudor

YANATOKA! Rangi kama chai ya mkandaa lakini yanatoka! Tudor amkeni, ndoo, sufuria, beseni, kila kitu! Nakwenda kumwamsha mama.

FundiSpika

Ya maiki yangu nusu kikombe tu dada, nioshe ukwaju.

MzeeWaBaraza

Alhamdulillahi. Acheni yamwagike kwanza kidogo mpaka yawe meupe.

Ndimu_na_Chumvi

Kisauni kuna aliyeamka? Huko vipi?

BesiNzito

Kisauni bado. Upepo tu, na mita inazunguka.