Lanzarote mbali na ufuko: twende wapi?

Swali: Tutakaa Lanzarote, Hispania, kwa juma moja, na kwa kuwa wenzangu wamekwisha kuchoshwa na mchanga na miavuli, naomba mnitajie matembezi ya siku moja yasiyo ya kawaida.

Jibu la kwanza: Anzeni na Timanfaya, ambako volkano zililipuka kuanzia 1730 hadi 1736, na joto lingali karibu sana na uso wa ardhi hata mkahawa wa hapo huchoma nyama juu ya shimo lisilo na kuni wala mkaa. Wahudumu humwaga maji katika bomba lililozamishwa ardhini, nayo hurudi juu kwa kishindo yakiwa mvuke. Nilishtuka, ingawa nilikuwa nimeonywa.

Jibu la pili: Mimi napendelea Jameos del Agua, pango lililoachwa na mto wa lava, ambamo viumbe wadogo weupe wafananao na kaa, wasioona, huishi katika ziwa la maji ya chumvi. Tafadhali msitupe sarafu majini, kwani kutu yake huwadhuru.

Jibu la tatu: Msiikose La Geria, ambako kila mzabibu hupandwa katika shimo lake la majivu meusi yanayohifadhi unyevu, ukikingwa upepo na ukuta mfupi wa mawe.